Mbio za jibini za Cooper's Hill: sherehe ya kijiji iliyobaki bila mwenyewe

Mwezi Machi 2010, kamati iliyokuwa ikisimamia mbio za jibini za Cooper's Hill, huko Gloucestershire magharibi mwa Uingereza, ambamo watu hushuka mteremko mkali wakilifukuza gurudumu la jibini, ilitangaza kwamba mwaka huo mbio hazitakuwepo. Sababu haikufichwa. Mwaka uliotangulia walikuja watu wapatao 15,000, na eneo lenyewe linabeba watu 5,000 tu. Vijia vya mashambani vilizibwa na magari, wenye ardhi za jirani walilalamika, na polisi na halmashauri hawakuwa tayari kuona hali hiyo ikirudi. Wengi waliosoma tangazo lile walidhani sherehe imefika mwisho wake. Mei 31, siku ambayo mbio zingefanyika kama kawaida, mamia ya watu walipanda kilima bila kuitwa na mtu, jibini likaachiwa, na vijana wakalikimbilia.

Tangu siku hiyo mbio hizi hazina mwandalizi rasmi. Zinafanyika, dunia nzima inazitazama, watu wanavuka bahari kwenda kushiriki, wengine wanatolewa pale kwa machela, lakini ukiuliza ni nani wa kupigiwa simu jambo likiharibika, hutapata jina. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya swali hilo. Vituko vya watu wanaobiringika mteremkoni vimekwisha kuonyeshwa vya kutosha. Kilichoelezwa kidogo ni jinsi kijiji kilivyofika mahali pa kuamua, bila hata kikao, kwamba njia salama ya kuilinda sherehe yake ni kuhakikisha haina mwenyewe.

Kwanza kilima

Cooper's Hill kiko juu ya kijiji cha Brockworth, kilomita chache kutoka mji wa Gloucester. Brockworth ya leo si kijiji cha nyumba ishirini na kanisa. Katika vita vya pili vya dunia palikuwa na kiwanda cha ndege cha Gloster na uwanja wake, na hapo ndipo, Aprili 1941, ndege ya kwanza ya jeti ya Uingereza ilipoinua magurudumu kwa mara ya kwanza, kidogo tu, wakati wa kujaribiwa ardhini. Nyumba zimeongezeka hadi zimekaribia kugusana na viunga vya mji. Hata hivyo kilima chenyewe kimebaki kama kilivyokuwa: kitongoji cha nyumba chache, msitu wa miti mikubwa, na katikati yake ukanda wa nyasi unaoshuka. Njia ndefu ya wasafiri wa miguu, Cotswold Way, inapita hapo hapo. Hakuna geti wala kibanda cha tiketi.

Ukanda ule wa nyasi una urefu wa mita 180 hivi. Kwa wastani, kwa kila mita mbili unazokwenda mbele unashuka mita moja, na kuna sehemu ambazo mbele na chini zinalingana. Mwanadamu hawezi kukimbia hapo kwa maana ya kawaida ya kukimbia. Anapiga hatua tatu nne, miguu inaachwa nyuma na mwili, na kilichobaki ni kuanguka kwa namna itakayomruhusu kuinuka na kuanguka tena mbele zaidi. Ardhi haiko sawa, ina vishimo na vichuguu, na mvua ikinyesha inateleza. Mvua isiponyesha ni mbaya zaidi, maana udongo unakuwa mgumu.

Jibini linalotumika ni Double Gloucester, la duara, lenye uzito wa kilo tatu hadi nne, lililovishwa ukingo wa mbao pembeni lisipasuke na kupambwa kwa riboni. Mshereheshaji anasimama juu amevaa koti jeupe, na anahesabu kwa maneno yaliyorithiwa: moja kujiweka tayari, mbili kutulia, tatu jibini linaachiwa, nne watu wanaondoka. Kwa hiyo jibini lina faida ya pumzi moja, na pumzi moja inatosha kabisa. Husemwa kwamba kasi yake hufika kilomita 110 kwa saa. Mtu halidaki. Anayefika chini wa kwanza ndiye mshindi, na zawadi yake ni jibini lenyewe.

Chini wanasimama wadakaji. Kwa desturi hawa ni wachezaji wa raga wa hapo hapo, wanaume wenye vifua vipana, na kazi yao ni kumkamata kila anayeshuka kabla hajapita na kugonga uzio au nyumba. Kazi ya watu hawa ningependa msomaji aikumbuke, kwa sababu magazeti huwapa nusu sentensi tu. Mbio ni nne za kushuka, tatu za wanaume na moja ya wanawake, na katikati yake kuna mbio za kupanda, ambazo watoto pia hushiriki, wakiparamia mteremko ule ule kwa mikono na miguu huku umati ukiwashangilia. Ni sherehe ya kijiji kwa kila maana: bibi anamtazama mjukuu, jirani anamcheka jirani, na kijana aliyeshinda atanunuliwa vinywaji mwaka mzima. Katika kijiji cha karibu cha Shurdington kuna hata baa iliyopewa jina la waviringishaji jibini.

Miaka mia mbili ya kutokubali kukatizwa

Maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana kuhusu mbio hizi ni ujumbe aliopewa mpiga mbiu wa mji wa Gloucester mwaka 1826, na yeyote anayeusoma anaona kwamba hata wakati huo jambo lilikuwa la kale. Asili yake inabishaniwa. Wapo wanaosema ni mabaki ya ibada za kukaribisha majira ya joto kabla ya Ukristo, na wapo wanaosema ilikuwa namna ya wanakijiji kudai kila mwaka haki yao ya kuchungia mifugo kilimani. Hakuna ushahidi wa kumaliza ubishi huo. Mimi naielemea zaidi nadharia ya malisho, si kwa sababu ina hati, bali kwa sababu tabia ya watu hawa katika miaka iliyofuata ni tabia ya watu wanaolinda haki, kwa maana kwamba ukiacha kuitumia hata mwaka mmoja unaweza kuambiwa imekwisha.

Tazama wakati wa vita. Mwaka 1941 serikali iliingiza jibini kwenye mgao wa chakula, na mgao huo haukuisha hadi 1954. Kwa miaka yote hiyo mbio ziliendelea kwa gurudumu la mbao lililochimbwa tundu katikati, na ndani ya tundu kikawekwa kipande kidogo cha jibini halisi. Kipande kile hakikutosha hata kifungua kinywa cha mtu mmoja. Kiliwekwa ili mwaka usipite.

Mwaka 1993 watu kumi na watano waliumia, wanne kati yao vibaya. Majeruhi wakaongezeka mwaka 1997, na mwaka 1998 mbio zikafutwa kwa hofu ya usalama. Mwaka 2001 zilifutwa tena kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo uliokuwa ukiangamiza mifugo ya Uingereza, wakati watu walikuwa wakikatazwa kukanyaga mashamba. Mwaka 2003 sababu ilikuwa ya ajabu zaidi: waokoaji wa kujitolea waliokuwa wakilinda usalama wa mteremko walikuwa wameitwa Algeria kwenye tetemeko la ardhi. Katika miaka kama hiyo wenyeji wachache walipanda kilimani wakaviringisha jibini moja bila watazamaji, halafu wakarudi nyumbani. Kwa hiyo tangazo la 2010 halikuanguka juu ya watu wasiojua la kufanya. Walikuwa na mazoea: kamati ikifuta, jibini linashuka vilevile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kufutwa kulikuwa kwa sababu isiyopita. Tetemeko hupita, na ugonjwa wa ng'ombe hupita. Umati wa watu 15,000 ulikuwa umekuja kukaa.

Pauni 20

Kamati haikulala. Ilirudi na mpango wa 2011: sherehe ya siku mbili, uzio, maegesho yaliyopangwa, tiketi za kununuliwa mapema, na kiingilio cha pauni 20. Ukiusoma mpango huo kwa macho ya mtu aliyewahi kuandaa shughuli yoyote, hata harusi, unaona mantiki yake yote. Kupunguza watu kunahitaji uzio. Uzio unahitaji walinzi. Walinzi, vyoo, bima na gari la wagonjwa vinahitaji fedha. Fedha inahitaji kiingilio.

Wenyeji wengi waliona kitu kingine kabisa. Kilima walichopanda tangu utotoni bila kuomba ruhusa sasa kingekuwa na bei, na wao wangepanga foleni kuingia kwao. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba wanakamati, ambao nao walikuwa majirani wa kujitolea, walitukanwa na kutishwa. Machi 2011 wakajitoa na mpango ukafa.

Hapa nataka kusema wazi ninavyoona, kwa sababu hadithi hii husimuliwa kana kwamba ni ushindi wa wananchi dhidi ya warasimu. Kukataa kiingilio kulikuwa na haki. Kuwatisha wanakamati hakukuwa na haki hata chembe. Watu hao walikuwa wamebeba kwa miaka kazi ambayo haina sifa: kutafuta bima, kuwaandikia polisi, kumbembeleza mwenye shamba, kuokota takataka baada ya wageni kuondoka. Wengine walipokuwa wakishangilia, wao walikuwa wakihesabu machela. Kijiji kiliwapoteza, na hakijawahi kupata wa kukaa kwenye viti vyao. Na hilo lisingetegemewa liwe vingine, maana ni nani atakayekubali kuchaguliwa katika kamati ambayo iliyotangulia iliondoka kwa vitisho?

Sheria inamtafuta nani

Ili kuelewa kwa nini nafasi ile imebaki wazi, lazima tuingie kidogo kwenye sheria ya England, na hapo ndipo kisa kinapokuwa na uzito.

Dhima ya mwenye eneo inatawaliwa na sheria mbili, ya 1957 inayohusu wageni waliokaribishwa na ya 1984 inayohusu walioingia bila kukaribishwa. Zote mbili zinasema kwamba mtu aliyeikubali hatari kwa hiari yake hawezi kumdai mwenye eneo kwa hatari hiyo. Mwaka 2003 majaji wa juu kabisa waliikazia kanuni hii katika kesi dhidi ya halmashauri ya Congleton, ya kijana aliyejirusha kwenye ziwa la bustani ya umma na kuvunjika shingo. Halmashauri ilikuwa imeweka mabango ya kukataza kuogelea. Majaji walisema hatari ilikuwa dhahiri, kijana alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, na si haki kuwanyima watu wote ufukwe kwa sababu wachache wanachagua kujihatarisha. Mwaka 2006 bunge likapitisha sheria inayowaruhusu majaji, wanapopima uzembe, wafikirie pia kama kudai tahadhari fulani kutazuia shughuli yenye manufaa isifanyike.

Kwa hiyo mkimbiaji wa Cooper's Hill, kwa mtazamo wa sheria, si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Amesimama juu, ameona mteremko, ameona waliomtangulia wakivunjika, na bado ameshuka. Mguu ni wake.

Tatizo ni mtazamaji. Mama aliyesimama pembeni na mtoto mgongoni hakukubali kusukumwa na umati akaangukia kwenye miti. Hakukubali kupigwa na jibini lililoruka nje ya njia. Hakukubali kukwama kwenye kijia chembamba gari la wagonjwa likishindwa kupita. Huyu anapoumia, sheria inauliza: nani alimwalika, nani alipanga mahali pa kusimama, nani alijua kwamba watu watakuwa mara tatu ya uwezo wa eneo? Na hapo kila aliyepanga kitu anakuwa mtu wa kujibu. Aliyeweka uzio ataulizwa kwa nini hakuuweka vizuri. Aliyeuza tiketi ataulizwa aliuza ngapi.

Kadiri unavyoandaa vizuri ndivyo unavyozidi kuwa wa kushtakiwa. Asiyeandaa chochote yuko salama. Wenyeji wa Brockworth hawakuhitaji wakili kuliona hilo. Walilisoma kwenye yaliyowapata wanakamati. Jibu lao likawa kuondoa kila kitu kinachoweza kuitwa maandalizi: hakuna tiketi, hakuna kamati, hakuna tangazo rasmi, watu tu wanaofahamiana ambao siku ikifika kila mmoja anafanya lake. Mdakaji anakwenda kudaka. Mshereheshaji anavaa koti. Mwenye shamba anafungua shamba lake kwa magari. Mtengeneza jibini analeta jibini.

Jibini la bibi wa Churcham

Huyo wa mwisho, mtengeneza jibini, ndiye aliyelipia nafasi ile iliyoachwa wazi. Diana Smart wa Churcham, mtengeneza jibini wa njia ya zamani, alikuwa akitoa magurudumu ya mbio tangu 1988. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 86, polisi walimfuata na kumtahadharisha kwamba akitoa jibini kwa ajili ya mbio anaweza kuhesabiwa miongoni mwa waandalizi, na mtu akiumia anaweza kuwajibika. Aliogopa, kama ambavyo yeyote angeogopa. Mwaka huo kilichoviringishwa ni gurudumu la povu lenye sura ya jibini, na mshindi mmoja alikuwa Mmarekani aliyesafiri kutoka Colorado. Jibini halisi lilirudi baadaye, na mwanawe Rod akaendelea kulitengeneza.

Gazeti baada ya gazeti lilicheka, na kicheko kilielekezwa kwa polisi. Mimi sioni cha kuchekesha. Polisi walikuwa wakitafuta mtu wa kuzungumza naye. Kwenye shughuli ya maelfu ya watu hawakumpata mwenyekiti, katibu wala mweka hazina. Walichopata ni jina moja lililojulikana, la mtu aliyekuwa akitoa kitu kinachoshikika, na jina hilo likawa la bibi wa miaka 86 aliyekuwa akifanya kazi yake. Jukumu likinyimwa mlango wa mbele litaingia kwa dirisha lolote lililo wazi. Walioshangilia mwaka 2011 kwamba kamati imeshindwa walipaswa kujiuliza mwaka 2013 ni nani sasa amesimama mahali pa kamati, na kwa nini ni huyo.

Hata hivyo polisi nao walikosea kipimo. Mtu anayetoa zawadi hapangi mbio. Kumbebesha mtoa zawadi uzito wa mwandalizi kunavunja imani ambayo shughuli za vijiji zinaishi juu yake, kwamba unaweza kutoa keki, jibini au kikombe kwa ajili ya jirani zako bila kuhofia mahakama. Kama njia ile ingeshika, kila bazaa ya kanisa ingeathirika.

Kijiji kingine, kasisi mwingine

Wanaodhani Brockworth ni watu wakaidi kupita kiasi watazame Hallaton, kijiji cha Leicestershire. Kila Jumatatu ya Pasaka watu wa Hallaton hugawana pai ya sungura iliyobarikiwa kanisani, kisha hupambana na kijiji jirani cha Medbourne kuvisukuma vipipa vitatu vidogo kuvuka vijito viwili, pambano lisilo na idadi ya wachezaji wala kanuni nyingi. Mwaka 1790 kasisi wa Hallaton alitaka kuikomesha desturi hiyo kwa kuwa aliiona ni ya kipagani. Usiku watu wakaandika ukutani mwake: bila pai, hakuna kasisi. Kasisi akaacha.

Nalitaja kwa sababu moja tu. Kupiga marufuku kutoka juu, iwe kwa hoja ya dini au ya usalama, kumejaribiwa kwa zaidi ya karne mbili katika vijiji hivi na hakujafanya kazi. Anayetaka watu wasiumie Cooper's Hill aanze kwa kukubali kwamba jibini litashuka. Yaliyobaki ni mazungumzo kuhusu barabara, machela na idadi ya watu.

Wageni

Kwa waswahili wa pwani, shughuli ni watu. Lakini wapi watu wanageuka kuwa wengi mno? Chris Anderson, kijana wa Brockworth, alikuwa amefikisha ushindi 23 ilipofika mwaka 2022, mwaka ambao mbio zilirudi baada ya miaka miwili ya Korona na zikafanyika Jumapili, Juni 5, kwa kuwa sikukuu ya Mei ilikuwa imesogezwa kwa ajili ya miaka 70 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti. Anderson aliujua mteremko kama anavyoujua aliyekulia juu yake. Mwaka uliofuata, mbio za wanawake zilichukuliwa na Delaney Irving, msichana wa miaka 19 kutoka Kanada, ambaye aligonga kichwa akashuka hatua za mwisho akiwa amezirai, na akapata habari ya ushindi wake ndani ya hema la huduma ya kwanza. Mwaka 2024 na 2025 alishinda Tom Kopke, kijana wa Munich, Ujerumani, ambaye hushuka huku akirekodi kwa ajili ya watazamaji wake wa mtandaoni.

Sina kinyongo na wageni hawa. Wanakuja kwa moyo, wanaumia kama wenyeji, na wenyeji wenyewe huwapokea kwa furaha ya kweli. Ila kuna tofauti ya ujuzi, na ujuzi ndio uliokuwa bima ya zamani. Kijana wa Brockworth aliuona mteremko kila wiki, alianza na mbio za kupanda akiwa mtoto, alimwona kaka yake akivunjika mkono, na alijua kichuguu kiko wapi. Wadakaji walimjua kwa jina na walijua anavyoshuka. Aliyeshuka kwenye basi asubuhi hana hata kimoja cha hivyo, na video aliyoitazama haimwonyeshi mwinuko halisi, maana kamera hulainisha mteremko. Kanuni ya hiari inasema aliikubali hatari. Kama aliielewa ni jambo jingine, na naona sheria haijakutana nalo barabara.

Nani analipa

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shughuli isiyo na mwenyewe haimaanishi shughuli isiyo na gharama. Gharama inahamia kwa wasioulizwa. Halmashauri inafunga barabara za jirani kila mwaka, kwa fedha za umma, kwa ajili ya mbio ambazo haizitambui. Polisi wanasimama njiani. Huduma ya magari ya wagonjwa ya kanda inajua kwamba siku hiyo lazima itaitwa, na gari lililo kilimani haliko kwa mzee aliyeanguka bafuni huko Cheltenham. Wapo watu wa huduma ya kwanza wanaojitolea, na mchango wao ni mkubwa, lakini majeruhi mzito wa uti wa mgongo hatibiwi hemani.

Mwaka 2025 kundi la ushauri wa usalama la Tewkesbury, halmashauri ambayo Brockworth imo ndani yake, kundi ambalo ndani yake wamo polisi, zimamoto na watu wa magari ya wagonjwa, lilitamka kwamba mbio hizi si salama. Hofu yao haikuwa mguu mmoja uliovunjika. Ilikuwa siku ambayo watu wengi wataumia kwa mpigo, mahali ambapo magari ya uokoaji yanaingia kwa shida na umati hauna njia nzuri ya kutoka. Makundi ya namna hii hayana nguvu ya kisheria ya kukataza shughuli. Kazi yao ni kumshauri mwandalizi. Hapa hapakuwa na mwandalizi wa kushauriwa, kwa hiyo ushauri ulitolewa hewani, kwa umma wote, na umma ukaja kutazama mbio.

Naamini kundi lile lina hoja, na naamini wenyeji wana hoja, na njia iliyopo haiko kwenye kuchagua mmoja kati yao. Mteremko na umati ni vitu viwili ambavyo tangu 2010 vimekuwa vikijadiliwa kama kimoja. Mteremko ni wa kijiji: nani anashuka, nani anadaka, jibini linatoka wapi, mshereheshaji anavaa nini. Hapo hakuna halmashauri inayojua zaidi ya wadakaji. Umati ni jambo la umma: maegesho mbali na kilima, mabasi ya kuwaleta watu, kijia kimoja kinachoachwa wazi kwa magari ya wagonjwa tu, na idadi ikifika 5,000 watu wanarudishwa barabarani kabla hawajafika. Halmashauri ikiyachukua hayo kwa jina lake, kama inavyofanya kwa mechi au maandamano, bila kiingilio na bila kudai kuwa mwenye mbio, wanakijiji watabaki na chao na hakuna atakayefuatwa nyumbani kwa kutoa jibini. Maandamano hayana tiketi wala uzio, na bado polisi huyapangia njia.

Kikwazo ni saini. Afisa atakayeidhinisha mpango kama huo anakubali kwa maandishi kwamba serikali yake inajua mbio zipo na imezipangia, na siku mtu akifa karatasi hiyo itasomwa mahakamani. Asiposaini, anaweza kuendelea kusema kila mwaka kwamba mbio si rasmi na watu wasiende. Mwanakijiji naye akikaa mezani na afisa huyo atakuwa amejitaja kuwa mhusika, jambo ambalo tangu 2011 kila mtu pale amejifunza kulikwepa. Pande zote mbili zinalindwa na kutokukutana, na kutokukutana huko kumedumu tangu kamati ya mwisho ilipojitoa.